Kibati cha Kelya

Ganda la korosho lina mafuta makali kuliko ulimi wa wifi. Sisi tuliokulia Nachingwea tulilijua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Ukilipasua bichi likakugusa mdomo, unavimba, unatoka malengelenge, na mama anakuongeza kofi juu yake kwa kuiba korosho. Sasa enzi zetu vijana tulikuwa na mchezo. Unachukua kijiti, unachovya kwenye yale mafuta, unajiandika mkononi jina la msichana unayempenda. Panaungua wiki nzima, panatoa maji, panakauka, halafu jina linabaki maisha. Ndiyo ilikuwa barua yetu. Ninyi mna meseji za kufuta, hamjui raha yenu.

Mimi nilikuwa nampenda Asha, binti wa muuza samaki wa kukaanga. Shule nilikuwa nimesoma mpaka darasa la pili, tena hilo la pili lenyewe nusu, kwa hiyo herufi nilizijua kwa sura, kama mtu anavyowajua majirani. Huyu namjua, yule namjua, lakini nani anamfuata nani kwenye foleni, hapo ndipo mambo yananichanganyikia. Nikajibanza nyuma ya ghala, nikajiandika, nikavumilia. Siku ya nane nikamwonyesha Asha mkono. Yeye alikuwa darasa la sita. Akausoma, akausoma tena, akaniuliza:

"Saidi, Ahsa ni nani?"

Akaolewa Lindi. Mimi nikaja Dar. Sisemi nilikuja kwa sababu hiyo, nilikuja kwa sababu kila mtu alikuwa anakuja. Ila mke wangu Somoe tangu tuoane ananiuliza Ahsa ni nani, na mimi nilishamwambia ni sabuni ya zamani.

Nawaeleza haya, vijana, ili mjue ni mtu wa namna gani aliyekaa Kariakoo maisha yake yote akila kwa kuandika. Ndiyo, kuandika. Msicheke. Anayenipigia chapa haya maneno ataziweka herufi sawa, lakini magunia niliyaandika mwenyewe.

Nilianza kwa kubeba. Mgongo ulipoanza kunijibu vibaya, aliyeniokoa ni Mzee Ngonyani, Mngoni wa Songea, mtu mrefu mkimya aliyekuwa na kibanda cha kuandika magunia upande wa Gerezani. Kazi yenyewe ni hivi. Mchele, maharage, dengu, chochote kinachouzwa kwa gunia, mnunuzi anataka kujua kimetoka wapi. Basi unatwaa debe la mafuta ya kula, unalipasua, unalinyoosha kwa nyundo, unachora herufi, unazikata kwa patasi. Hicho ndicho kibati. Unakilaza juu ya gunia, unapiga wino, unanyanyua, jina limekaa.

Kuna siri zake. Herufi kama A na O zina tumbo. Ukikata kizembe, tumbo linadondoka, unabaki na tundu. Lazima uache vijidaraja viwili vya bati vishike tumbo. Wakati wa magunia ya katani tulitumia brashi na wino wa masizi, na katani ilikunywa kama mtu aliyetoka kufunga. Ilipoingia mifuko ya sandarusi, wino ukawa unateleza kama mvua kwenye bati. Tukahamia rangi ya mafuta na kipande cha godoro. Godoro usililoweshe. Gusa rangi, kamua, halafu piga, usipake. Godoro likilia, herufi zote zinalia, Mbeya inakuwa kama mtu mwenye mafua. Mzee Ngonyani alinifundisha yote hayo. Kitu kimoja tu hakunifundisha, mpangilio wa herufi, kwa sababu yeye alikuwa ananiandikia kwenye karatasi mimi nakata. Alipofariki, karatasi zilikwisha. Nikaanza kuandika kwa sikio.

Hapo anaingia Mama Zuhura.

Mama Zuhura alikuwa na duka la jumla la nafaka pale karibu na Mtaa wa Sikukuu. Mwanamke mnene, mcheshi, mkono mwepesi wa kutoa. Somoe alipolazwa, chakula cha hospitali kilitoka kwa Mama Zuhura wiki tatu bila kuulizwa. Ninayemsema hapa si mtu mbaya. Alikuwa mfanyabiashara tu, na macho yake bila miwani yalikuwa hayaoni hata nzi kwenye maziwa.

"Fundi," akaniambia siku moja, "kuna mzigo wa Kyela umeingia. Wa kweli huu, usinitazame hivyo. Nikatie kibati kipya, herufi kubwa."

Nikakata. Nikapiga magunia yote. Akatoka, akasimama mbali kidogo na miwani yake ameisahau nyumbani, akasema, "Mzigo umependeza." Mzigo ukauzwa.

Wiki ya pili akaja Bi Mwajuma. Huyu alikuwa mama ntilie wa Ilala, pilau lake watu walilifuata mpaka kwenye misiba ya watu wasiowajua. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Zuhura, nataka ule mchele wa Kelya."

"Kyela, shoga."

"Sitaki Kyela! Kyela za siku hizi zimechakachuliwa, kila mtu ana Kyela. Nataka ule uliosema Kelya. Ule ukiupika mtaa mzima wanaulizana nani kafiwa."

Mama Zuhura akageuka kunitazama. Mimi nikatazama gunia. Ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba wale majirani zangu wamekaa vingine kwenye foleni. Nikajiandaa kufukuzwa. Mama Zuhura akavaa miwani, akalisoma gunia polepole kwa kidole, kama anayeonja mchuzi.

"Aa, Kelya," akasema. "Umekwisha, shoga. Njoo Jumatatu."

Tangu siku hiyo tukawa tunapiga Kelya. Mzigo wa kwanza ulikuwa wa Kyela kweli, ndiyo maana ulinukia. Mizigo iliyofuata, Mungu anisamehe, ilitoka kokote gari lilikotoka. Na Kariakoo mnaijua, kitu kikikosa maelezo kinatengenezewa. Baada ya miezi nikamsikia Bi Mwajuma anamfundisha mteja: "Kelya ni ndani ndani huko, juu ya Kyela yenyewe. Wana kijito chao. Hawauzi kwa kila mtu." Washindani wetu nao wakakata vibati vya Kelya. Mmoja akakosea akakata Kleya, watu wakamcheka, wakamwambia feki.

Basi akaja mtu wa Kyela mwenyewe.

Alikuwa anaitwa Ambindwile. Mzee wa makamo yangu, Mnyakyusa, koti la suti juu ya kandambili. Kikundi chao cha wakulima kilikuwa kimemtuma na magunia machache ya kujaribu, wauze wenyewe Dar bila madalali. Alipanga mahali karibu na duka letu. Magunia yake yaliandikwa kwa mkono, KYELA, sawasawa kama kwenye ramani.

Siku ya kwanza hakuuza. Siku ya pili hakuuza. Wateja wanainama, wanasoma, wanasikitika.

"Mzee, shikamoo. Wamekuponza. Aliyekuandikia kakosea."

"Marahaba. Kakosea wapi?"

"Orijino ni Kelya."

"Mwanangu, mimi nimezaliwa Kyela. Nimezika wazazi Kyela."

"Sawa, mzee wangu. Lakini Kelya umefika?"

Siku ya tatu akaja kukaa na mimi, kwa sababu nilikuwa na kivuli na birika la kahawa. Akachota punje zake, akazifikicha viganjani, akazipulizia pumzi ya moto, "haa", kama mtu anayesafisha kioo, akaniletea puani. Vijana, kumbukeni hili, mchele haunuswi baridi. Upe pumzi kwanza ndipo useme. Ule ulijibu. Ulinukia kama nyumba yenye mgeni.

"Mzee mwenzangu," akaniambia, "niambie ukweli. Hiyo Kelya iko wapi? Mimi kila kijito kule nakijua kwa jina."

"Iko... ndani ndani," nikasema.

"Ndani ya nini?"

Nikammiminia kahawa.

Akanieleza sababu ya haraka yake. Mbegu hii inukiayo ni ya babu zao, ndefu, inachelewa, inaanguka ikipigwa na upepo, na haizai sana. Kuna mbegu nyingine, fupi, inazaa mara mbili, hainuki kitu. Nusu ya kikundi walikuwa wanataka kuhamia hiyo. Walimwambia: nenda Dar, jina la kwetu likikupa bei, tunaendelea na mbegu ya babu. Likishindwa, tunapanda fupi, na ile ndefu tunaila yote mpaka ghala likauke.

"Ikiliwa yote," akasema, "hakuna duka utakalokwenda kuinunua."

Aliyauza yale magunia bila jina, kama mchele tu, akapanda basi. Wenzake wakampa msimu mmoja wa mwisho. Mimi nikaendelea kupiga Kelya. Nilikuwa nalala vizuri, sitawaficha. Mtu analala vizuri na mambo mengi.

Sasa Mama Zuhura naye alikuwa na uchungu wake. Wenzake walikuwa wanamwibia Kelya yake. Mkwe wake, kijana wa kompyuta, akamwambia: mama, hilo neno halipo kwenye ramani, maana yake umelibuni wewe. Kalisajili liwe alama yako ya biashara, atakayeliandika mwingine umshtaki. Akapeleka maombi. Huko mkoani watu wa Ambindwile wakapata habari kupitia binti mmoja wa kwao, Neema, wakili mwenye ofisi Posta. Neema akaweka pingamizi.

Alikuja kunitafuta kibandani na viatu vya ofisini, akiruka matope kama kuku.

"Shikamoo babu. Wewe ndiye fundi wa vibati?"

"Marahaba. Inategemea nani anauliza."

Akakaa juu ya debe. Akanieleza kuhusu viashiria vya kijiografia. Niliposikia jiografia nikadhani tunarudishwa shule. Akacheka, akaanza upya.

"Babu, jina la mahali likishapata sifa kwa sababu ya udongo wa pale, maji ya pale, mikono ya watu wa pale, hilo jina ni kama kisima cha kijiji. Halimilikiwi na mtu. Lakini si la kila mpita njia kuja kuoshea pikipiki."

"Na aliyelikosea herufi?"

"Akilikosea mnunuzi akadhani ni kule kule, kachota kisimani. Ndoo yake imepinda tu."

Aliniambia sheria yenyewe upande wetu huu bado wanaipika, wenzetu wa visiwani wameshatangulia, lakini kikundi kinaweza kuandikisha alama ya pamoja ya wanachama wakati tunangoja. Kama nilimwelewa vibaya kosa ni langu. Akaniuliza kama niko tayari kusema nani alibuni Kelya. Nikamwambia nina mgonjwa nyumbani. Somoe alikuwa anapika vitumbua, mzima kama kengele.

Maana Mama Zuhura alikuwa ameshaniwahi. Nilikuwa shahidi wake. Tuliposhuka Posta, ofisi ya usajili, siku ya pingamizi kusikilizwa, akanishika mkono pale nje ya lifti.

"Fundi, utasema Kelya lilikuwa jina la bibi yangu mzaa mama."

"Bibi yako si alikuwa Mwanahawa?"

"Alikuwa na majina mawili. Watu wa zamani walikuwa na majina mengi. Fundi, wiki tatu za hospitali, nimewahi kukudai hata ahsante?"

Hakuwahi. Kwa hiyo sitawadanganya kwamba nilipanda ile lifti na ushujaa. Nilikwenda kudanganya, na nilikuwa nimevaa kanzu.

Ndani kulikuwa na afisa, mama mmoja mpole mwenye kalamu tatu, na Neema, na Ambindwile na koti lake. Alikuwa ameshuka na mzigo wa msimu ule wa mwisho, magunia yake yapo kwa ndugu yake Ilala yanangoja. Alinisalimia kwa kicheko kama rafiki.

Afisa akanihoji. Nikasema nimekata kibati mimi. Nikasema Kelya ni bibi wa Mama Zuhura, mwanamke mcha Mungu. Nilianza hata kueleza alivyokuwa anavaa.

"Vizuri," akasema afisa. "Sasa ili niweke kwenye kumbukumbu tofauti ya haya majina mawili, hebu niandikie hapa. Juu uandike Kyela, jina la wilaya. Chini uandike Kelya, jina la bibi."

Akanipa kalamu na karatasi. Nikaona hili ni jepesi. Nikainama, nikatoa ulimi nje kidogo kama ninavyofanya nikikata bati, nikaandika moja juu, moja chini, herufi safi, vijidaraja na vyote. Nikamrudishia.

Akatazama. Akampitishia Neema. Neema akaziba mdomo.

"Mzee," akasema afisa, "mbona yote mawili umeandika Kelya?"

Nikaichukua karatasi. Nikaitazama. Kwangu mimi yalikuwa sawa kabisa.

"Hii ya juu ni wilaya," nikasema. "Hii ya chini ni bibi."

Ambindwile ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka koti likamvuka bega. Afisa akafuata, kalamu zikamdondoka. Hata Mama Zuhura nilimwona anajiuma shavu, mtandio unatikisika. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimesimama kama mlingoti, natazama karatasi. Kisha nikasema, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine kilichobaki kusemwa: "Bibi hayupo. Kelya haipo. Ni mimi. Nilitaka kuandika Kyela, na mpaka leo nikitaka kuandika Kyela mkono unaandika hivyo."

Baadaye barua ikaja kwamba maombi ya Mama Zuhura hayakukubaliwa. Lakini siku ile ile, tukiwa kwenye lifti, alikuwa ameshajua. Akatazama taa za namba zinavyoshuka.

"Wewe hukunisaliti, fundi," akasema. "Zimenisaliti herufi zako. Kesho njoo kazini."

Ambindwile akanikuta nje. Nilitegemea matusi. Akasema, "Twende ukanikatie kibati." Akakaa juu ya debe pale kibandani, akanitajia herufi moja moja, na kila nikitaka kuharakisha ananipiga goti. "K. Ngoja. Y. Nimesema Y, wewe mtu wa korosho! Bado E." Kile ndicho kibati changu bora kuliko vyote. Tukapiga magunia yake yote.

Soko likakataa.

Mnashangaa nini? Karatasi ya Posta haijawahi kumwambia mama ntilie anuse nini. Wateja wakaja, wakasoma KYELA, wakasikitika kama kawaida. "Mzee umerudi na kosa lako." Ambindwile akakaa juu ya gunia, na nikaona usoni mwake ile mbegu fupi imeshapandwa.

Nikaenda Ilala kumwita Bi Mwajuma. Nikamwambia aje na sufuria, jiko na ulimi wake. Akaja na majirani. Nikasimama juu ya debe, mimi Saidi ambaye hata harusini sijawahi kushika kipaza sauti, nikapaza sauti nikasema Kelya ni kosa langu mimi, hakuna kijito, hakuna ndani ndani, darasa la pili nusu. Watu wakanizomea.

"Muongo!" akapiga kelele Bi Mwajuma. "Mimi nimepika Kelya mpaka nimezeeka!"

"Ule wa kwanza ulikuwa huu, bibie. Mizigo iliyofuata ulipika jina."

"Nimepika jina!"

"Pika huu. Ukiwa si wenyewe, nipake masizi."

Akapika mchele mweupe mtupu, bila nazi, bila hiliki, ili pasiwe na pa kujifichia. Maji yalipoanza kukauka akafunua mfuniko. Akafumba macho. Wapagazi waliokuwa wanapita na mikokoteni wakapunguza mwendo. Mmoja akauliza, "Nani kafiwa?"

"Ondoka hapo," akasema Bi Mwajuma, bado kafumba macho. Kisha akamgeukia Ambindwile. "Nipimie. Na wewe fundi, masizi yako yapo, nimeyaweka tu."

Magunia yalikwisha kabla ya adhuhuri ya kesho yake. Ambindwile akakunja mifuko mitupu, akaifunga kamba, akaondoka nayo kama mtu aliyebeba cheti. Mvua zilipoanza alinipigia simu. Nyuma yake nilisikia maji na watu wanapiga soga. "Mbegu iko chini, ndugu yangu," akasema. "Ndefu. Yote."

Sasa mtadhani kazi yangu iliishia hapo kwa heshima. Haikuishia. Nilirudi kwa Mama Zuhura, tukataniana, tukapiga Mbeya, tukapiga Ifakara, na Kelya tukaiacha kwa sababu Bi Mwajuma alikuwa ameshaimaliza sifa mtaa mzima. Sasa wateja walikuwa wanasoma kwa kidole: K, Y, E.

Asubuhi moja lori likashusha mzigo. Nilichota punje, nikafikicha, nikapulizia. Kimya. Ulikuwa mchele mzuri tu wa watu wa mahali pengine, hauna kosa lolote.

"Fundi," Mama Zuhura akaita kutoka ndani, "leta kile kibati kizuri. Kile cha yule Mnyakyusa wako."

"Huu wa wapi, mama?"

"Wa wapi, wa wapi! Tangu lini gunia likaulizwa kabila? Piga Kyela. Siku hizi si unajua kuiandika?"

Alisema kwa utani, na alikuwa amenichemshia chai. Nikakilaza kibati juu ya gunia la kwanza. Nikagusa rangi, nikakamua godoro. Mkono ukabaki juu.

Nikakinyanyua kibati, nikakiweka kwapani.

"Unaenda wapi?" akauliza.

"Kununua sigara."

"Wewe huvuti."

"Ndiyo, mama," nikasema, nikavuka barabara, nikapita katikati ya mikokoteni na wauza ndala, rangi ikinichafua shati, na sikurudi tena.